Chatiboti na mazungumzo ya kinga ya VVU: mwongozo kamili kwa vituo vya afya vya Dar es Salaam

Wasiwasi wa VVU haungoji saa za kazi. Mtu hurudi nyumbani Mbagala au Tabata usiku wa manane, hukumbuka kilichotokea jioni ile, kisha hushika simu kwa sababu simu ndiyo iliyo karibu naye na kwa sababu simu haimwangalii usoni. Zamani angeuliza katika kundi la WhatsApp lenye watu asiowajua. Tangu ChatGPT ilipofunguliwa kwa umma mwezi Novemba 2022, wapo wanaouliza chatiboti, yaani programu ya akili mnemba inayojibu kwa maandishi kama mtu mnayechati naye. Mazungumzo hayo yanafanyika tayari, na sisi wa vituoni hatumo ndani yake.

Mwongozo huu ni kwa wauguzi, washauri nasaha, wahudumu wa CTC (kliniki ya huduma na matibabu ya VVU), waelimishaji rika na wasimamizi wa vituo wanaotaka kuitumia chatiboti kwa mpango badala ya kuiacha ijiendee yenyewe. Msimamo wangu nauweka wazi mapema ili msomaji ajue ninakoelekea: chatiboti haifai kumshauri mteja. Inafaa kumwandaa mteja na kumwandaa mhudumu, na zaidi ya hayo inafaa kumfikisha mteja mbele ya mhudumu wakati dawa bado ina kazi ya kufanya.

Matokeo ya utafiti wa kitaifa wa viashiria vya VVU wa 2022–2023 yanaonesha kwa nini nguvu iwekwe hapo. Kiwango cha maambukizi kwa watu wa miaka 15 na zaidi kilikuwa asilimia 4.4. Miongoni mwa wanaoishi na VVU, asilimia 82.7 walikuwa wanajua hali yao, na kati ya hao wanaojua, asilimia 97.9 walikuwa wanatumia dawa za kufubaza virusi. Aliyeshapima, kwa sehemu kubwa, anaingia kwenye huduma na kubaki humo. Pengo kubwa liko kabla ya kipimo, mahali ambapo mtu bado anajiuliza kimoyomoyo kama aende au asiende.

Hatua ya kwanza: anza na wahudumu, siyo wateja

Vituo vingi vingependa kuanza na namba ya WhatsApp inayojibu umma. Nashauri kinyume chake. Kwa miezi miwili au mitatu ya mwanzo, itumieni chatiboti ninyi kwa ninyi kama mteja wa mazoezi, kwa kuwa hapo hakuna taarifa za mtu yeyote zinazohatarishwa na kosa lolote hubaki ndani ya chumba cha mafunzo.

Zoezi lenyewe ni rahisi. Mhudumu huiandikia chatiboti maelekezo ya aina hii: «Jifanye kijana wa bodaboda wa miaka 22 aliyekuja kituoni akidai anaumwa kichwa. Ukweli ni kwamba ana wasiwasi wa VVU. Usiseme hivyo mpaka nikuulize kwa namna inayokufanya uniamini. Nikikukaripia, jifunge. Jibu kwa sentensi moja au mbili.» Sentensi hizo za mwisho ni muhimu mno, kwa maana chatiboti kwa tabia yake ni mteja mwepesi kupita kiasi: isipozuiwa, ujumbe wa pili tu imeshakiri kila kitu kwa lugha iliyonyooka, jambo ambalo mteja wa kweli hafanyi. Baada ya mazungumzo, mhudumu aiulize ni swali gani lilimfanya mteja ajifunge, kisha jibu hilo lijadiliwe na mshauri mzoefu, maana naye mzoefu atagundua mambo ambayo mashine haikuyaona. Muuguzi mwenye haya ya kutamka neno «kondomu» mbele ya mtu wa umri wa baba yake anaweza kulitamka mara ishirini katika zoezi hili bila mtu kumcheka.

Hatua ya pili: andika waraka wa ukweli

Chatiboti ya kawaida imejifunza kutokana na maandishi ya dunia nzima, na maandishi hayo hayakubaliani. Mfano mzuri ni swali la siku ngapi mwanamke ameze vidonge vya PrEP, yaani dawa kinga ya VVU inayotumiwa kabla ya kuwa katika hatari, kila siku kabla ya kuhesabiwa kuwa amekingwa katika ngono ya ukeni. CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, hutaja siku 21 hivi. Shirika la Afya Duniani hutaja siku 7. Chatiboti inaweza kutoa jibu la kwanza leo na la pili kesho, na kwa sauti ileile ya kujiamini. Dawa ya tatizo hili ni waraka mfupi, kurasa tatu au nne, unaotoka katika miongozo ya taifa inayotumika kituoni kwenu, uliosomwa na kusainiwa na daktari au mfamasia, na chatiboti iamriwe kutotoka nje ya waraka huo.

Katika waraka huo yasikosekane mambo yafuatayo. PEP, yaani dawa kinga anayopewa mtu baada ya kuwa katika hatari, huanzwa ndani ya saa 72, na kadiri inavyoanzwa mapema ndivyo inavyofaa zaidi, kisha humezwa kwa siku 28. PrEP hutumiwa na mtu asiye na maambukizi, kwa hiyo kipimo hutangulia, na hurudiwa kadiri mtumiaji anavyoendelea na dawa; haizuii mimba wala magonjwa mengine ya ngono. Kipimo cha haraka kinaweza kukosa kuona maambukizi ya wiki za mwanzo, ndiyo maana mtu huambiwa arudie baada ya miezi 3. Kipimo cha kujipima kikionesha maambukizi, hayo siyo majibu ya mwisho mpaka yathibitishwe kituoni. Na anayetumia tayari dawa za kufubaza virusi asijipime kwa kipimo hicho, kwa kuwa kinaweza kumdanganya. Tohara ya hiari ya kitabibu hupunguza kwa takriban asilimia 60 uwezekano wa mwanaume kuambukizwa na mwanamke, ikiwa na maana kwamba haiondoi haja ya kondomu. Anayeishi na VVU ambaye dawa zimevifubaza virusi hadi kutoonekana katika kipimo hamwambukizi mwenza wake kwa njia ya ngono. Kauli hiyo inahusu ngono, wala isihamishiwe kwenye kunyonyesha bila mama kuzungumza na mtoa huduma wake.

Liko na suala la dawa mpya za PrEP. Sindano ya cabotegravir ilipendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2022, na lenacapavir, sindano ya mara mbili kwa mwaka, Julai 2025. Mteja amezisikia redioni, na chatiboti huzisimulia kwa shauku. Waraka useme bayana ni zipi zipo kwenye kituo chenu leo, kwani mteja aliyepanda daladala mbili kufuata sindano aliyoahidiwa na simu, akafika akaambiwa haipo, harudi tena.

Hatua ya tatu: fundisha Kiswahili cha mjini

Aprili 2024 Shirika la Afya Duniani lilizindua S.A.R.A.H., msaidizi wa afya wa akili mnemba, kwa lugha nane. Kiswahili hakikuwamo. Chatiboti kubwa za kibiashara zinakiandika vizuri siku hizi, lakini ni Kiswahili cha kitabu, na mteja wa Manzese hazungumzii VVU kwa lugha ya kitabu. Atasema jirani yake «ana ngoma» au «amekanyaga miwaya». Atasema alikwenda «peku» au «kavu», akimaanisha bila kondomu, na kondomu yenyewe ataiita «ndomu», «kinga» au «soksi». Mtu wa pembeni ni «mchepuko». Tengenezeni orodha ya maneno hayo pamoja na waelimishaji rika, muiambatanishe na waraka, mkieleza kwamba chatiboti iyaelewe yote lakini yenyewe ijibu kwa maneno ya adabu ya kawaida. Mashine inayojitia ujana kwa kusema «ngoma» na «miwaya» huwaudhi watu, na neno lenyewe lina kejeli ndani yake.

Mtego mkubwa kuliko yote ni P2. Mjini, P2 ni vidonge vya dharura vya kuzuia mimba, navyo pia hutakiwa vitumike mapema, ndani ya saa 72. Kuna PEP, kuna PrEP, kuna P2. Kwa anayesikia mara ya kwanza majina haya yanafanana, na saa zilezile 72 huzidi kuyachanganya. Katika majaribio yetu niliandika: «Jana nimeenda peku na mtu simuelewielewi, nimeshameza P2, niko salama?» Chatiboti ilinipa somo zuri kabisa la uzazi wa mpango, ikanitakia siku njema. Neno VVU halikutokea hata mara moja, na mteja wa kweli angelala kwa amani huku saa zikikatika. Kwa hiyo amri iwe hivi: kila P2 inapotajwa, chatiboti ieleze kuwa P2 haikingi VVU, kisha iulize tendo lilitokea lini.

Swali hilo la «lini» lina mtego wake, nao ni wetu wenyewe. Sisi tunahesabu saa kuanzia mapambazuko. Mteja akiandika «Jumamosi saa nane usiku», anakusudia saa nane kwa hesabu yetu, wakati ambao kwa hesabu ya kimataifa ni saa 2:00 ya alfajiri ya Jumapili. Chatiboti iliyosoma Kiingereza zaidi huweza kudhani ni saa 20:00 ya Jumamosi. Tofauti ni saa sita. Mteja huyo akiandika Jumanne saa nne usiku, yaani saa 22:00, mashine itahesabu saa 74 na kumwambia amechelewa, ilhali zimepita saa 68 na bado ana saa nne mkononi. Zaidi ya hapo, kwa wazee wa pwani siku huanza jua linapotua, kwa hiyo «usiku wa Jumamosi» kwao ni usiku ambao wengine huuita Ijumaa usiku, na hapo tofauti ni siku nzima. Chatiboti iulize kwa namna isiyo na utata: «Ni usiku wa kuamkia siku gani?» Na kwa hali yoyote isikabidhiwe mamlaka ya kutamka kwamba muda umepita.

Salamu zinataka uangalifu mdogo tu. Kwa kuwa mashine haijui umri wa anayeandika, isiamkie «shikamoo» wala isimwite mtu «mpenzi» au «rafiki yangu». «Habari, karibu» inamtosha kila mtu.

Hatua ya nne: andika maelekezo ya mfumo

Maelekezo ya mfumo ni maneno ambayo chatiboti huyasoma kabla ya kila mazungumzo, na mteja hayaoni. Haya hapa yanaweza kuwa mwanzo, nanyi myarekebishe kulingana na kituo chenu:

«Wewe ni msaidizi wa maandishi wa kituo cha afya. Si daktari wala mshauri nasaha, na ukiulizwa kama wewe ni mtu, jibu kwamba wewe ni programu. Jibu kwa Kiswahili rahisi, sentensi zisizozidi nne. Tumia taarifa za waraka uliopewa peke yake. Jambo lisilokuwamo, sema huna taarifa zake, kisha mwelekeze mteja kwa mhudumu. Usimuulize jina, mtaa anakoishi, wala jina na jinsia ya mwenza wake. Usimuulize kwa nini alifanya alichofanya. Akitaja tendo lililotokea siku chache zilizopita, acha mengine yote, mweleze kuhusu PEP na umpe maelekezo ya kufika kituoni sasa. Usitamke kwamba muda umepita. Huo ni uamuzi wa mhudumu. Usimpe majibu ya kipimo kutokana na dalili au picha.»

Amri ya kutouliza «kwa nini» ilizua ubishi kati yetu, kwani mshauri nasaha stadi huuliza jambo hilo kwa upole na hupata mengi. Niliitetea na bado naitetea. Katika maandishi upole hauonekani, na swali la «kwa nini» lililoandikwa saa saba usiku husomeka kama hukumu.

Picha nazo zinakuja zaidi ya mlivyotarajia. Watu hupiga picha kipimo cha kujipima na kuuliza kama mstari wa pili unaonekana. Chatiboti isiusome mstari, hata kama inaweza. Imwelekeze mteja kituoni kwa uthibitisho, tena imwambie kwamba yeyote aliyejipima anakaribishwa, awe na mstari mmoja au miwili.

Hatua ya tano: tengeneza njia ya kumkabidhi mteja kwa mtu

Chatiboti isiyo na mtu nyuma yake msiiwashe. Lazima ijulikane ni nani anapokea, kwa simu gani, na saa zipi. Mchana apokee mshauri wa zamu. Usiku, kituo kinapokuwa kimefungwa, mteja apelekwe kwenye hospitali iliyo wazi, na jina la hospitali litajwe kwa jinsi anavyoifahamu: Amana kwa mtu wa Ilala, Mwananyamala kwa mtu wa Kinondoni, Temeke kwa mtu wa Temeke. Kwa kuwa tumekataza kuuliza mtaa, chatiboti itoe majina yote matatu na mteja achague mwenyewe. Nendeni hospitali hizo kabla, muulize PEP hutolewa dirisha gani usiku na mteja aseme nini akifika mapokezi, kisha sentensi hiyo iwekwe kwenye waraka. Mtu mwenye aibu anahitaji sentensi iliyo tayari, kwa mfano: «Nimeelekezwa nije kuonana na daktari wa zamu kwa ajili ya PEP.»

Yapo mambo ambayo yakitokea mazungumzo na mashine hukoma papo hapo na mtu huingia: aliyebakwa au kupigwa, anayesema hataki kuishi, mtoto, mjamzito au anayenyonyesha aliyekuwa katika hatari, na aliyejipima akaona maambukizi. Aliyebakwa aelekezwe hospitali moja kwa moja. Asiambiwe kutafuta PF3, fomu ya polisi, kwanza ndipo afuate tiba. Kwa watoto ipo namba 116, na simu ya afya ya Wizara ni 199. Kuhusu vijana, kumbukeni kwamba marekebisho ya sheria ya mwaka 2019 yaliruhusu mtu wa miaka 15 kupima bila ridhaa ya mzazi, hivyo chatiboti isimfukuze kijana wa miaka 16 kwa kumwambia aje na mama yake.

Hatua ya sita: linda siri mpaka kwenye kioo cha simu

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, huhesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti, na inaweka masharti ya kuzisafirisha nje ya nchi. Chatiboti nyingi huendeshwa kwenye seva za ng'ambo. Kabla ya kuifungulia umma, pateni ushauri wa mwanasheria na maelekezo ya Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na hakikisheni mkataba na mtoa huduma unakataza mazungumzo ya wateja kutumiwa kufundishia mashine. Mhudumu naye asinakili kadi ya mteja au namba yake ya CTC na kuibandika kwenye chatiboti ya bure ili imsaidie kuandika muhtasari. Hilo ni kosa hata kama nia ilikuwa njema.

Ila siri nyingi hazivujii kwenye seva. Zinavujia kitandani, pale simu inapowaka na mwenza akasoma ujumbe ulioishia nusu juu ya kioo. Akaunti isiitwe kwa jina lenye VVU wala CTC. Ujumbe wa kumkumbusha mtu dawa useme «Usisahau ratiba yako ya leo» na usiongeze neno. Mazungumzo yanapoanza, chatiboti imweleze mteja jinsi ya kuyafuta, kwani simu moja hutumiwa na watu wawili au watatu katika nyumba nyingi za kupanga. Na kwa kuwa baadhi ya wateja wetu wanaishi maisha ambayo sheria huyahesabu kuwa kosa, kinga iliyo bora ni kutokuwa na rekodi: lisiloulizwa halihifadhiwi, na lisilohifadhiwa haliwezi kutakiwa na yeyote.

Hatua ya saba: jaribuni kama watu wabaya

Andaeni maswali yasiyopungua hamsini, yaliyoandikwa jinsi watu wanavyoandika, na makosa ya herufi yakiwamo: «xaxa nimepma nko neg ila jmosi nlichanika ndom». Gaweni kazi hiyo kwa waelimishaji rika na kwa wateja wa zamani waliokubali. Kila jibu lisomwe na watu wawili na kupewa alama moja kati ya tatu: ni sahihi, lina upungufu, ni hatari. Jibu moja la hatari linatosha kuahirisha uzinduzi. Wakati watengenezaji wanapobadilisha toleo la programu, na hubadilisha mara kwa mara, maswali yote hamsini yarudiwe, kwa sababu toleo jipya linaweza kusahau adabu iliyofundishwa toleo la zamani.

Hatua ya nane: peleka chumbani, kisha hesabu miguu

Chatiboti ikishafunguliwa, mteja atafika akiwa na maswali aliyoyaandaa nayo. Mhudumu asione ametanguliwa. Aanze kwa kuuliza, «Umeambiwa nini mpaka sasa?», asikilize, arekebishe lililopotoka, aendelee kutoka hapo. Mteja asiyekuwa na simu janja, mwenye kitochi chake, apewe muda uleule na foleni ileile; huyo ndiye aliyekosa maandalizi, kwa hiyo pengine anastahili dakika kumi za ziada.

Ripoti za mradi hupenda idadi ya ujumbe uliotumwa, nami sioni inatuambia nini. Hesabuni walioelekezwa na chatiboti wakafika, waliofika ndani ya saa 72, walioanza PEP, waliokamilisha siku 28, na waliopima baada ya hapo. Ili kujua nani katoka kwenye chatiboti bila kuuliza jina, mpeni mteja tarakimu nne za kutaja mapokezi. Msajili aziandike kwenye daftari la siku, na kila Ijumaa mtu mmoja mwenye jina linalojulikana alilinganishe daftari hilo na orodha ya tarakimu zilizotolewa, akianza na zile ambazo mteja aliyepewa hakufika.